Kiganja cha mchanga wa Bennu na magunia ya ndugu yangu

Wiki iliyopita magharibi nilikuwa nimekaa pa ligablo, kale kaduka ka avenyu yetu, Katuba, hapa Lubumbashi, nasubiri mkate, na vijana watatu walikuwa wanaangalia video kwenye telefone, kile chombo cha Marekani kinashuka juu ya jiwe kule angani, mkono unagusa, changarawe zinaruka. Mmoja akageuka akaniuliza: "Yaya, banasema bazungu beko banaenda kuchimba kobalti kule mulu. Sasa shiye huku tutakula nini?" Hakuna aliyecheka. Na jibu nililompa pale lilikuwa fupi mno, halikunitosha mimi mwenyewe, njo maana naandika leo.

Swali si la kijinga hata kidogo. Lubumbashi inapumua kwa bei ya mawe. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, yale madini ya kutengeneza betri, inatoka kwetu Congo, na Februari 2025 serikali ilipofunga kobalti isitoke nchini, halafu Oktoba ikaleta mambo ya kota, yaani kiasi kilichopangwa cha kutoka, hata watu ambao hawajawahi kutia mguu mu kariere, yaani machimbo, walikuwa wanaulizana bei asubuhi kabla ya salamu. Mtu anayeishi hivyo akisikia kuna asteroidi, mawe makubwa yanayozunguka jua, na kuna watu wanatuma mashini kwenda kuyachota, lazima apige hesabu ya sufuria yake. Basi na sisi tupige hesabu, lakini tuipige vizuri.

Mpaka leo asteroidi zilizochotwa na kuletwa duniani ni tatu tu. Wajapani walianza na Hayabusa, ilitoka Mei 2003, ikafika kwenye jiwe linaloitwa Itokawa mwaka 2005, refu kama mita 500 hivi. Ilitakiwa kufyatua kirisasi ili vumbi liruke liingie ndani ya kopo lakini kirisasi hakikutoka, halafu mafuta yakavuja, injini zikaanza kufa moja moja, mawasiliano yakapotea wiki nyingi, na chombo kikarudi Juni 2010, miaka mitatu nyuma ya programu, kikaungua chote angani juu ya Australia isipokuwa kapsuli. Ndani walikuta chembe kama 1,500, nyingi huwezi kuziona kwa macho. Ndugu yake wa pili, Hayabusa2, ilienda Ryugu, ikaleta gramu 5.4 Desemba 2020. Na Wamarekani na OSIRIS-REx yao walienda Bennu, wakaangusha kapsuli mu jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023, gramu 121.6.

Jumlisha zote, hazijazi kikombe cha chai. Na ile ya Bennu peke yake ilikula dola kama bilioni 1.16 pamoja na roketi, maana yake gramu moja ni zaidi ya dola milioni 9. Hakuna negosianti duniani atakayenunua kobalti kwa bei hiyo.

Halafu kuna jambo lingine ambalo watu wa video hawalisemi. Mawe kama ya Ryugu na Bennu ni meusi, yamejaa kaboni na udongo wa mfinyanzi uliolowa maji zamani sana, na shaba ndani yake ni kama sehemu moja tu kwenye elfu kumi. Ukikusanya Ryugu yote iliyoletwa Japani, gramu zote tano na kitu, shaba utakayotoa haifiki hata miligramu moja. Mawe ya Katanga yako tofauti juu ardhi yetu ilifanya kazi, maji ya chumvi yalipita ndani ya miamba mamilioni ya miaka, yakakota shaba na kobalti huku na huku, yakaziweka pamoja mahali pamoja. Asteroidi ndogo haina moto wala milima ya kufanya kazi ya namna hiyo. Cha ajabu, kuna shaba iliyotoka huku duniani ikaifuata Ryugu: Aprili 2019 Wajapani walilipiga lile jiwe kwa kipande cha shaba cha kilo mbili ili watoboe shimo na kuchota udongo wa ndani ambao jua halijauchoma, na walichagua shaba juu ni rahisi kuitofautisha na kile cha jiwe lenyewe. Sijui kama ilitoka kwetu, lakini niliposoma hiyo nilisimama kwanza, nikaenda kunywa maji.

Kwa hiyo kobalti ya mbinguni haitaua kariere ya Kolwezi, si leo, na mimi naamini hata watoto wetu hawataliona hilo. Tungeweza kuishia hapo, kila mtu arudi nyumbani. Lakini hapo njo pale mimi nataka tuanzie, juu kama si biashara ya mawe, kwa nini watu wenye akili walipe dola milioni 9 kwa gramu moja ya mchanga?

Wanalipia uhakika. Mawe ya angani yanaanguka duniani bure kila mwaka, vimondo, watu wanayaokota jangwani wanauza. Shida ni kwamba kimondo kikigusa ardhi tu kimeshachafuka, mvua inaingia, vijidudu vinaingia, hewa yetu yenye unyevu inakula vitu vingine kabisa, na ukikuta kitu ndani huwezi kuapa kama kilitoka juu ama kilitoka hapa chini. Bennu imeonyesha hilo wazi. Januari 2025 wataalamu walitoa matokeo, ndani ya ule mchanga wamekuta asidi amino, vile vitofali vya protini, 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe vya duniani vinatumia, na herufi zote tano za DNA na RNA, na pia chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka polepole, miaka zaidi ya bilioni nne iliyopita. Moja ya chumvi hizo ni magadi. Magadi kabisa, yale yale yanayochimbwa mu Ziwa Magadi kule Kenya, yale watu wa pwani wanatia ndani ya maharage ili yaive haraka. Hayakuwahi kuonekana mu jiwe lolote la angani kabla ya hapo, na sababu inaeleweka, chumvi za namna hiyo zinayeyuka na unyevu wa hewa, kimondo kikilala nje zinaondoka. Ni sampuli safi tu, iliyochotwa kule kule, ikafungwa kule kule, ikafunguliwa ndani ya boksi la nitrojeni pa Houston, njo inaweza kukuambia kwamba jiwe hilo lilitoka mahali palipokuwa na maji kama ya ziwa la Afrika Mashariki lililokauka.

Na namna walivyoichota, mtu wa kariere ataielewa kuliko mtu yeyote. Walipopanga safari walifikiri Bennu ina mchanga laini kama wa ufukoni. Walipofika Desemba 2018 wakakuta ni mawe matupu, makubwa kama nyumba, na mahali walipoona panafaa palikuwa na upana wa mita 16 tu hivi wakati chombo kiliumbwa kwa uwanja wa mita 50. Sauti kutoka duniani ilikuwa inachukua dakika kama 18 kufika, hakuna mtu wa kushika usukani, mashini ililazimika kulinganisha picha za ardhi na ramani yake yenyewe na kuamua ishuke ama ikimbie. Tarehe 20 Oktoba 2020 ikashuka. Mkono ukagusa, ukapuliza gesi, na ardhi haikushikilia hata kidogo, mkono ulizama karibu nusu mita kama umeingia ndani ya gunia la mahindi, na isingekuwa injini kurudisha chombo nyuma baada ya sekunde chache kingeendelea kuzama. Baadaye picha zikaonyesha kifuniko hakijafunga, kuna mawe yamekwama pa mdomo na mchanga unatoka nje kidogo kidogo unapotea angani. Walikuwa wamepanga kuzungusha chombo ili wapime uzito wa walichopata. Wakaacha kupima, wakafunga haraka walichonacho.

Hapa nataka nikae kidogo. Yale yote niliyoandika, kirisasi kilichokataa kutoka, kifuniko kilichokwama, nayajua juu wao wenyewe waliyasema. Hata siku ya kutua Utah, parashuti ndogo ya kwanza haikufunguka kama ilivyopangwa, na walipofuatilia wakakuta waya ziligeuzwa juu neno moja kwenye michoro lilikuwa linasomwa na mafundi kwa maana mbili, na wakaliandika hilo hadharani. Halafu vifungo viwili kati ya 35 vya kopo la sampuli vikagoma kufunguka, watu wakangoja toka Oktoba mpaka Januari wakitengeneza vifaa vipya, hakuna aliyesema tuvunje tumalize. Sampuli isiyojulikana imepita mikononi mwa nani ni kokoto tu.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1892 kuna jeolojisti Mbelgiji, Jules Cornet, alipita Katanga hii na msafara wa Wabelgiji wenzake, Bia na Francqui. Alitembea kilima kwa kilima, anavunja jiwe, anaandika, anafunga, na mwaka uliofuata mawe na daftari vikarudi Ubelgiji. Yeye njo anasemwa alituita "kashfa ya kijiolojia" juu ya utajiri aliouona. Mwaka 1906 kampuni ya madini, Union Minière, ikazaliwa, na mengine tunayajua. Wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba karne nyingi kabla yake, misalaba ile ya shaba ilikuwa pesa kutoka huku mpaka mbali, kwa hiyo Cornet hakugundua shaba. Alichobeba ni sampuli na maandishi, na aliyekuwa na sampuli na maandishi ndiye aliyepanga bei na mipaka kabla mwenye ardhi hajaulizwa. Ryugu ilikuwa jiwe tupu lisilo na mtu. Katanga ilikuwa na watu.

Mgodi wa Shinkolobwe ni vile vile, na inauma zaidi. Miaka ya 1920 walikuwa wanachimba pale wakitafuta radiumu, uraniumu ilikuwa haina kazi kubwa. Halafu mu labo za mbali mtu akapata kujua ndani ya lile jiwe kuna nini, na mawe ya Shinkolobwe yakaenda Amerika kutengeneza bomu la kwanza la atomiki. Aliyekuwa anabeba gunia pale Likasi hakuwa na njia ya kujua anabeba nini. Nikimsikia kijana wa ligablo anaogopa watu watachimba kule juu, mimi naogopa kitu kingine: kwamba hata huku chini bado hatujajua nani anashika kipimo.

Nitoe mfano wa karibu, wa damu yangu. Ndugu yangu mdogo, kadogo wetu, anachimba upande wa Kolwezi. Mwaka jana alipeleka magunia pa depo moja, wakaleta ile mashini ya mkono iko kama bastola, metorex, ndivyo watu wa kariere wanaiita, inapiga jiwe inasoma tenere, yaani kwa mia moja shaba iko ngapi. Mnunuzi alichota kiganja kimoja tu kutoka juu ya gunia, akaweka ndani ya kisashe, akapiga, akaangalia kioo yeye mwenyewe akiwa amegeuza mgongo, akasema namba. Kadogo aliomba kuona, akaambiwa kama hataki abebe magunia yake. Alibeba. Depo ya pili, mita labda mia mbili mbele, magunia yale yale, namba ikawa karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na hata hiyo ya pili hakuiona kwa macho yake. Aliuza juu jua lilikuwa linazama na dereva wa pikipiki anadai pesa. Mashini zile ni nzuri, teknolojia ya namna hiyo hiyo ya kusoma jiwe kwa mionzi inatumwa mpaka angani. Kinachokosekana ni nani anaona kioo, na mchanga uliopimwa ulichotwaje, na kama kuna kipande kilibaki pembeni cha kupima tena mkibishana.

Angalia wenzetu walivyogawana. Kabla ya OSIRIS-REx kupaa Septemba 2016 ilikuwa imeandikwa kwamba Kanada watapata asilimia 4 ya sampuli juu wametoa kifaa cha laza cha kupima ardhi ya Bennu, na Japani asilimia 0.5, na Wajapani nao wakawapa Wamarekani asilimia 10 ya Ryugu. Asilimia 4 ya gramu 121.6 ni kama gramu tano, kijiko cha chai, na bado kuna karatasi na saini. Zaidi ya yote, kama asilimia 70 ya Bennu haiguswi, inahifadhiwa kwa watu ambao bado hawajazaliwa na mashini ambazo bado hazijatengenezwa. Si maneno ya kupamba tu: kuna mrija wa udongo wa Mwezi uliochukuliwa na Apollo 17 mwaka 1972 ukakaa umefungwa mpaka 2022 ndipo ukafunguliwa. Miaka 50 wamekaa na kitu mkononi hawakigusi. Mimi kwa kweli hilo linanigusa kuliko roketi yenyewe.

Kuna watakaoniambia, sawa, lakini makampuni je? Ni kweli makampuni yapo. Planetary Resources walijitangaza mwaka 2012 kwa maneno makubwa ya kuchimba asteroidi, 2018 wakauzwa kwa watu wa blokuchaini. AstroForge walituma kichombo chao Odin Februari 2025 kikapotea mawasiliano. Biashara hiyo bado ni ndoto ya gharama kubwa. Lakini sheria zake si ndoto. Mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha mwili wowote wa angani, ila Marekani mwaka 2015 wakapitisha sheria kwamba mtu wao akichota kitu kule ni mali yake, Luxembourg wakafuata 2017, Japani 2021. Jiwe si lako ila ulichochota ni chako. Mtu wa Katanga akisoma sentensi hiyo anaijua harufu yake. Na kanuni zinaandikwa sasa, wakati hakuna hata kilo moja ya asteroidi iliyoshuka, juu wanaoziandika wanajua kwamba ukingoja mawe yafike umechelewa. Wachina nao wako njiani, Tianwen-2 ilipaa Mei 2025 kwenda Kamo'oalewa, kajiwe kadogo sana kanakotembea karibu na dunia, sampuli zinategemewa mwishoni mwa 2027. Kila anayeleta gramu anapata kiti pa meza ya kanuni.

Sisemi Congo ijenge roketi. Nasema tuna sampuli nyingi sana na hatuzishiki. Pale UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, kuna vijana wanasoma jeolojia, wanajua kukata jiwe na kulisoma chini ya mikroskopu vizuri kabisa, wape labo yenye umeme usiokatika na mashini za kisasa na sheria kwamba kila shehena inayotoka iache kipande chake hapa, kimefungwa, kina namba na tarehe, kinaweza kufunguliwa miaka 30 mbele. Angalia ule mlima mweusi kando ya shomine, lile bomba refu la moshi la kiwanda, terili yetu, kila mtoto wa Lubumbashi amekua anauona. Ni takataka ya tanuru, miaka mingi hakuna aliyeitaka, halafu wakapima vizuri wakakuta kobalti, na sasa inatoa mpaka madini ya germaniumu, ile inayoenda mu fibu optiki na mu vyombo vya angani. Mlima ulikuwa pale pale siku zote. Tulikuwa tunaupita tukienda shule.

Jumapili nilikuwa na kadogo kwetu, ameshuka kumwona mama. Nilimweleza habari ya Bennu, kiganja cha mchanga na miaka saba ya safari, akasikiliza kimya, halafu akaniuliza kitu kimoja tu: "Yaya, njo balichota tu pa juu ao balichanganya?" Nikamwambia walichota pamoja na vya chini kidogo, juu mkono ulizama. Akatikisa kichwa. Akaenda pa gunia alilokuja nalo, akatandaza bashi uani, akachota juu, katikati na chini kabisa, akachanganya na kijembe mara nyingi, akafanya kilima, akakigawa mara nne kama mkate, akatupa robo mbili zinazotazamana, akachanganya tena. Alipofika kwenye kiganja alikigawa ndani ya visashe viwili, akaviunga kwa moto wa mshumaa, akaandika tarehe na bik. Kimoja akatia mfukoni. Kingine akampa mama, akamwambia akiweke mu sanduku pamoja na karatasi za kiwanja.